Wenzangu wa kikundi wamenifuta jina, na jukwaani naongea peke yangu

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Katavi. Nina miaka 34, nimeolewa na nina watoto wawili. Nafundisha Darasa la Tatu lenye watoto 112 na vitabu 28 vya hisabati. Usishangae, ndiyo hali. Nimewagawa makundi 14 ya watoto wanane wanane, kila kundi lina kinara wake na kikopo cha vizibo vya soda vya kuhesabia, na siku zinakwenda.

Mwaka jana nilijiunga na chuo kimoja nisome shahada ya elimu bila kuacha kazi. Tunasoma kwa mseto: wiki mbili za ana kwa ana likizo ya Juni na mbili za Desemba, kilichobaki chote ni mtandaoni. Kwenye Moodle, mfumo wa masomo ya mtandaoni wa chuo, tunakuta moduli, majaribio na jukwaa la majadiliano. Kuna vipindi vya Zoom, kuna grupu la WhatsApp la darasa zima lenye watu 140, na kuna grupu dogo la kikundi chetu, watu wanane.

Zile wiki mbili za ana kwa ana nilizipenda mno. Tulilala hosteli, tulipika pamoja, tulibishana mpaka saa sita usiku. Nikarudi nyumbani najua nimepata ndugu. Kumbe undugu wenyewe uliishia stendi.

Kwanza hilo jukwaa. Kila moduli tunatakiwa tuchangie mara mbili na kumjibu mwenzetu angalau mara moja, na kuna alama zake. Mimi nachukulia kwa uzito. Nakaa jioni mbili nasoma, naandika kwenye daftari, kisha naenda chini ya mwembe wa zahanati ambako mtandao unashika, nachapa kwenye kishikwambi tulichogawiwa walimu baada ya Sensa ya 2022. Muhula huu nimeposti mara sita. Nimejibiwa mara moja, na aliyenijibu aliandika kwamba anakubaliana na mwenzake na hoja ni nzuri. Nikaja kuona maneno yale yale kayabandika chini ya watu wengine wanne. Wakati huohuo kuna dada mmoja anaandika mistari miwili, Kiingereza chenyewe cha kuungaunga, na anajibiwa na watu kumi na tano! Nakuwekea mwanzo wa mchango wangu wa mwisho, nimeufasiri. Swali lilikuwa tujadili matumizi ya mbinu shirikishi katika madarasa makubwa:

"Mbinu shirikishi ni mbinu za ufundishaji zinazomweka mwanafunzi katikati ya mchakato wa kujifunza. Mbinu hizi ni pamoja na majadiliano ya vikundi, maigizo, bungua bongo, ziara, na maswali na majibu. Umuhimu wa mbinu shirikishi ni kama ufuatao. Kwanza, humjengea mwanafunzi hali ya kujiamini. Pili..."

Inakwenda hivyo mpaka ya tisa, halafu hitimisho. Maneno kama 650. Hakuna kosa hata moja, nilihakiki.

Lililoniumiza zaidi ni la kikundi. Tulipewa kazi yenye alama 20. Watatu wako Dar es Salaam, wawili Mwanza, mmoja Dodoma, mmoja Mbeya, na mimi huku. Wale wa Dar wakaamua tukutane Zoom saa nne usiku, kwa sababu ndipo wanapokuwa wametoka kwenye foleni na bando la usiku ni nafuu. Saa nne usiku mimi niko ndani, mtandao hauingii, na kwenda kusimama chini ya mwembe saa hizo si jambo la mwanamke mwenye akili zake. Mara ya kwanza nilijaribu nikiwa uani. Nikasikia "halo, halo, mnanipata?" nikatupwa nje. Mara ya pili sikuingia kabisa. Asubuhi nafungua grupu nakuta voisi sitini, nyingine za dakika nne nne, na kuzipakua zote ni bando la wiki nzima. Nikawa nasoma yaliyoandikwa tu. Kiongozi akauliza nani achukue sehemu ya tatu. Nikaogopa kuidaka, maana sikujua usiku walikubaliana nini. Nikala buyu. Hapo katikati mwanangu akaugua malaria, nikapotea siku tisa.

Siku ya kukusanya naona faili kwenye grupu. Ukurasa wa mbele una majina saba. Nilipouliza, kiongozi akaandika: "Samahani dada, tulikubaliana asiyechangia hawekwi. Si kwa ubaya." Wengine wote tiki za bluu na kimya, hata yule niliyelala naye chumba kimoja hosteli. Mhadhiri nilimwandikia kwenye mfumo, hii ni wiki ya pili hajajibu.

Na nyumbani nako mume wangu ameanza kuuliza hizi sauti za wanaume zinazosema "vipi mama, umelala?" saa tano usiku ni za masomo gani.

Nikashtaki? Nijitoe kwenye grupu? Mwenzangu wa shule jirani anasema niachane nao, madesa yapo, nisome peke yangu maana chumba cha mtihani kila mtu anaingia na kichwa chake. Au huku tuliko elimu ya mtandaoni si yetu?

Mwalimu wa Darasa la Tatu, Katavi

*

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Natumaini mtoto ameshapona na anakimbia.

Nianze na jina, maana hilo ndilo lenye haraka. Alama za kazi ambayo hukuifanya si zako, nakuambia mapema usije ukakata tiketi ya basi kwenda kuzidai. Lakini kiongozi wenu naye kakosea. Hiyo kanuni ya asiyechangia hawekwi ilipaswa ikufikie siku kadhaa kabla, wakati bado ungeweza kufanya kitu, na wewe umeisikia kazi ikiwa imeshafungwa. Hapo ndipo una madai. Mwandikie yeye peke yake, wala usimwage mtama penye kuku wengi, si kwenye grupu la wanane na, Mungu apishe mbali, si kwenye lile la 140. Andika hivi: "Kaka, kweli sikuchangia. Mtoto aliugua na sikuwaambia, hilo ni kosa langu. Ila sikuonywa kwamba jina litatoka. Naomba unithibitishie hivyo kwa mhadhiri ili nimwombe kazi mbadala." Basi. Usiongeze kilio. Akijibu, piga picha jibu lake, uambatanishe kwa mhadhiri kwa barua pepe, nakala kwa mratibu wa programu, na upendekeze wewe mwenyewe hiyo kazi mbadala: kurasa tatu kuhusu darasa lako na makundi yako 14. Mhadhiri anayeletewa pendekezo anajibu ndiyo au hapana. Anayeletewa lawama peke yake anaiweka pembeni aisome siku akiwa na nafasi, na hiyo siku unaijua.

Kuhusu kutokujibu kwake, hebu tupige hesabu. Watu 140, kila mmoja michango miwili na jibu moja, hiyo ni michango 420 kwa moduli moja. Akisoma kila mmoja kwa dakika moja tu ni saa saba mfululizo, bila chai, kwa moduli moja ya somo moja. Simtetei. Aliyepanga watu 140 kwenye jukwaa moja alipanga vibaya. Mwombeni kiongozi wa darasa ampelekee ombi kwamba jukwaa ligawanywe. Moodle ina mpangilio wa makundi tayari, ni kazi ya dakika chache, na watu ishirini wakiwa chumba kimoja wanaanza kufahamiana kwa majina. Kuna hata aina ya jukwaa ambalo huoni michango ya wenzako mpaka kwanza uweke wa kwako. Likitumika hilo, yule bwana wa "nakubaliana na mwenzangu" atatafuta kazi nyingine ya kufanya. (Na siku hizi ukute aliyeandika si yeye, ni akili mnemba. Nimesoma majukwaa ambayo mashine ilikuwa ikiipongeza mashine nyingine, wenye majina wamelala.)

Sasa tuje kwako.

Mwaka 1973 nilikuwa binti mdogo, na nakumbuka baba akienda jioni kwenye kikundi cha redio. Ilikuwa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 nchi nzima walishiriki, kwa wiki 12, kwa redio na kitabu chepesi. Chuo hakikuwepo, wala intaneti. Kikundi chao kilikuwa na redio moja ya mbao juu ya stuli. Kipindi kilikuwa kifupi, wanasikiliza, kisha redio inazimwa, na hapo ndipo somo lilipoanza. Kiongozi wa kikundi alikuwa amefundishwa kazi yake, na kazi yake haikuwa kuhutubia. Alimgeukia mtu na kumuuliza: wewe kwako choo kiko wapi? Maji mnachota wapi? Kila mmoja alikuwa na jibu, maana kila mmoja alikuwa na choo, au hana. Baba alirudi akachimba. Hayo masomo mseto tunayoambiwa yamekuja na kompyuta, mimi niliyaona yakifanyika chini ya mwembe kama wako.

Nakusimulia haya kwa sababu ya huo mchango wako wa maneno 650. Nimeusoma mara mbili. Kweli hauna kosa. Pia hauna mlango. Mtu akimaliza ya kwanza hadi ya tisa na hitimisho, unataka akwambie nini? Ya kumi? Umefunga kila kitu, ukapiga komeo, halafu unashangaa hakuna anayebisha hodi. Yule dada wa mistari miwili ninaamini hata sijamwona: anauliza. Ameandika kitu kama "shuleni kwangu walinikatalia kutumia maigizo, kwenu je?" na watu kumi na tano wakakumbuka mwalimu mkuu wao.

Kinachonisikitisha ni hiki. Swali lilihusu madarasa makubwa. Katika watu 140 sijui wangapi wamewahi kusimama mbele ya watoto 112. Wewe unasimama kila asubuhi. Ukaliacha darasa lako mlangoni, ukaenda kuandika maana ya mbinu shirikishi ambayo kila mtu anayo kwenye moduli ileile. Naelewa, tulilelewa hivyo, mtihani wetu ulitaka fasili, umuhimu, hitimisho. Ila jukwaa mhadhiri halisomi peke yake, wanalisoma wenzako, nao fasili hawana haja nayo.

Hebu tuandike upya. Nabuni kidogo, wewe utaweka ya kweli:

"Nina watoto 112 na vitabu 28. Nimewagawa makundi 14 ya wanane, kila kundi na kinara na kikopo cha vizibo vya soda. Wiki ya kwanza walichangamka. Wiki ya tatu nikagundua kila kundi lina wawili ambao hawajawahi kushika kizibo. Kinara anahesabu, wao wanatazama. Nikaanza kubadilisha kinara kila siku, sasa wenye mikono miepesi wanawanyang'anya. Moduli inasema tutumie makundi, haisemi lolote kuhusu anayekaa kimya ndani ya kundi. Kwenu mnamfanyaje?"

Hayo hayafiki maneno 80. Yana namba, yana kilichoharibika, yana swali ambalo mtu wa Mbeya anaweza kulijibu akiwa kwenye daladala. Na usiliweke ukaondoka. Wa kwanza kukujibu, mrudie kwa jina lake: "Hilo la kugawa vizibo kabla nitalijaribu, ila kundi la mwisho vitaisha, ulifanyaje?" Mazungumzo huanzia kwenye huo mchango wa tatu. Nawe uwajibu wengine kwa mtindo huohuo. Umesema umeposti sita, hukusema umewauliza wenzako wangapi.

Kuhusu mtandao, nenda chini ya mwembe mara moja tu badala ya mara tatu. Programu ya Moodle ya simu, kama chuo chenu kimeiruhusu, inakuwezesha kupakua moduli na majadiliano, ukaandika jibu lako nyumbani bila mtandao, ukifika penye mtandao linatumwa. Hakiki kabla ya kutuma, kwa kawaida mfumo unakupa nusu saa tu ya kurekebisha ulichoposti.

Huyo mwenzako wa madesa hajakosea kabisa, usimdharau. Michael Moore, mtaalamu wa elimu ya masafa ambaye ujana wake alifanya kazi ya elimu ya watu wazima Kenya, aliandika mwaka 1989 kwamba mwanafunzi wa mbali ana maingiliano ya aina tatu: na somo lenyewe, na mwalimu, na wanafunzi wenzake. Baadaye, mwaka 2003, Terry Anderson wa Kanada akasema kwamba moja kati ya hayo matatu likiwa na nguvu kwelikweli, mengine yanaweza kulegea na mtu bado akajifunza vizuri. Kwa hiyo mtu anaweza kusoma peke yake akafaulu. Lakini awe na somo lenye nguvu: moduli nzuri, vitabu, mazoezi yenye majibu. Desa ni muhtasari wa muhtasari, limeandikwa na mtu aliyekuwa na haraka kuliko wewe. Na mhadhiri wako ndiyo huyo wa wiki mbili. Ukitoa wenzako, umebaki na nini mkononi? Ndiyo maana sikushauri ujitoe.

Huyo huyo Moore ana neno jingine ninalolipenda, kwamba umbali wa kusoma kwa masafa si wa kilomita, ni wa mawasiliano. Kutoka kwako hadi Dar kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,000, lakini kilichowatenga ni zile siku tisa. Darasani, mtoto akinyamaza unamwona. Unaona anatikisa kichwa, anatafuna kalamu, macho mekundu, unajua huyu leo hajala au anaumwa. Kwenye grupu aliyenyamaza haonekani ana nini. Anayeuguza, anayedharau, aliyeishiwa bando na aliyelala wote wanafanana. Mstari mmoja ungetosha: "Mtoto anaumwa, nipo tena Jumatatu, niwekeeni sehemu ya tatu." Hata mtandao wa kubahatisha unaupitisha. Najua kwa nini hukuandika. Ulikuwa umeshaona aibu ya kutoingia Zoom, na aibu ikizaa kimya, kimya nacho kinazaa aibu.

Lakini kikundi chenu nacho kimepangwa hovyo, na hili ni kosa la wote. Wanane ni wengi. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, mhandisi mmoja wa kilimo Mfaransa, Maximilien Ringelmann, aliwapima watu wakivuta kamba, akaona kadiri wavutaji wanavyoongezeka ndivyo kila mmoja anavyotoa nguvu pungufu kuliko alivyovuta peke yake. Kwa sehemu wanashindwa kuvuta kwa pamoja, na kwa sehemu nyingine hakuna anayejua nani kalegeza mkono. Bila shaka uliwahi kuvuta kamba shuleni, unamjua yule wa katikati anayepiga kelele kuliko wote huku mikono imeshika tu. Mkipewa tena kazi ya kikundi, ombeni mgawanywe wanne wanne. Mkikataliwa, gawaneni wenyewe wawili wawili, kila jozi na sehemu yake, majina yaandikwe siku ya kwanza.

Halafu jambo la Zoom ya saa nne usiku. Usiwaombe waihamishe, hawataihamisha, na foleni ya Dar mimi naijua. Waambie hivi: ninyi ongeeni usiku, kabla ya kulala mmoja aandike mistari mitano, tumekubaliana nini na nani afanye nini, kwa maandishi, siyo voisi. Mimi asubuhi naichukua, naiandika vizuri, jioni mnaikuta imenyooka. Jitolee kuwa mwandishi wa kikundi. Wewe unahakiki mpaka kosa moja halibaki, hicho ni kipaji ambacho hao saba hawana muda nacho. Kutokuwepo kwako usiku kutakuwa zamu. Na mwandishi wa kikundi hafutwi jina, maana ukurasa wa mbele anauchapa yeye.

Kuhusu voisi, ombeni iwe kawaida kwamba inayozidi dakika moja ifuatwe na mstari mmoja wa maandishi. Ila usizichukie. Jukwaani mnaandika Kiingereza, ndiyo lugha ya mtihani, sawa. Lakini nimewasikiliza wanafunzi wengi: jukwaani mtu ana mistari miwili mikavu, kwenye voisi za Kiswahili mtu yuleyule anabishana, anatoa mfano, anacheka, anafikiri. Ubishi wenu wa hosteli mpaka saa sita usiku mlibishana Kiingereza? Basi bishaneni kwanza Kiswahili, mkishapata hoja ndipo mtafute Kiingereza chake. Wanaoanza na Kiingereza mara nyingi wanaishia kukopi.

Yule mliyelala chumba kimoja, usimhesabu msaliti. Kumpinga kiongozi mbele ya tiki za bluu saba kuna gharama, labda naye alikuwa ameponea chupuchupu kufutwa jina. Mpigie simu. Simu ya kawaida, ya dakika, maana hiyo huku kwako inaingia hata data ikigoma. Usianze na kesi, msalimie, muulize watoto, kisha mkubaliane kila Jumamosi dakika kumi mnaambiana mmesoma nini na mmekwama wapi. Nimeona watu wengi wakikamilisha shahada ya masafa kwa sababu ya mtu mmoja wa namna hiyo kuliko kwa sababu ya grupu la watu 140, ambalo ukweli wake ni matangazo, misiba na picha za "asubuhi njema".

Mzee wa nyumba ana hoja yake pia. Mkae naye jioni moja umsikilizishe voisi ya dakika nne kuhusu umuhimu wa zana za kufundishia. Hatarudia kuuliza. Ila huyo wa "umelala mama?" mwambie waziwazi kwamba mambo ya kikundi yaandikwe kwenye grupu, na baada ya saa tatu usiku huhitaji ujumbe wa peke yako. Hilo ni lako kulisema, usimwachie mumeo.

Umeuliza pia kama elimu hii si yenu mlioko huko. Sitakujibu kwa maneno matamu. Bando lako ni ghali kwa kipato chako, mtandao wako ni wa mwembe, na walioipanga walimfikiria mtu wa mjini mwenye kompyuta mpakato. Hayo waambie chuo kwenye fomu ya tathmini mwisho wa muhula, kwa namba: voisi sitini, shilingi ngapi, saa ngapi mtandao unashika. Fomu nyingi zinarudi zimeandikwa "nzuri" tu.

Na hilo swali la watoto wanaokaa kimya kwenye kundi la wanane, liweke jukwaani wiki hii. Nataka kujua huwa unamfanyaje mtoto wa namna hiyo, maana lazima una njia yako. Unamhamisha kundi? Unampa yeye kikopo? Au unakwenda kuchuchumaa karibu naye na kumnong'oneza? Ukishajibiwa na wenzako, niletee majibu yao.

Mwalimu